Moto Uliotoka Baada ya Magharibi

Nilipokuwa mtoto, upande wa Hulugho, moto haukutoka nyumbani kwetu baada ya magharibi. Jirani akija kuomba makaa, bibi yangu, Ayeyo, alimwambia arudi asubuhi. Alisema moto unaotembea gizani huwaita wasioalikwa, yaani majini. Niliamini kila neno, na nilikuwa mwoga kupindukia.

Kisha jioni moja ya masika nikauiba moto huo.

Habaryar Halima, mdogo wake mama, alikuwa na uchungu siku ya pili na mtoto hatoki. Mvua ilikuwa imekata barabara. Muuguzi wa zahanati aliomba ndege kwa redio tangu asubuhi, akaahidiwa saa tisa. Saa tisa ikapita, jua likazama. Tulipoisikia ikinguruma juu yetu giza lilikuwa limeshaingia, na kiwanja chetu cha ndege ni udongo wa murramu tu, hakina taa hata moja. Taa ziliahidiwa kabla sijazaliwa.

"Washeni moto huku na huku!" muuguzi akapiga kelele.

Nilikimbilia jikoni. Ayeyo akasimama mlangoni. "Faduma, weka chini."

Sikuweka. Nilipenya chini ya mkono wake na kopo la makaa. Sikuwahi kumkaidi kabla ya hapo.

Kuni zilikuwa zimelowa. Wanaume wakafanya walivyozoea kila jioni zizini, wakaweka samadi juu ya makaa ili moto usizimike. Moshi ukatanda. Kopo langu lilikuwa la mwisho kwenye mstari wa moto, karibu na vichaka, nami nilijivuna sana.

Kila mchungaji wa kwetu anajua kwamba ngamia akisumbuliwa na mbu huufuata moshi wa samadi. Jioni ile hakuna aliyekumbuka. Ndege iliposhuka, ngamia watatu walikuwa wamesimama katikati ya kiwanja, wametulia kama wako zizini. Rubani alimkwepa mmoja, akamgonga mwingine. Gurudumu la mbele likang'oka, bawa likalima udongo. Rubani akatoka mwenyewe, damu usoni, akauliza, "Mgonjwa yuko wapi?"

Ndege haikuruka tena. Alfajiri tulimpakia habaryar kwenye trekta. Alifariki kabla ya kufika hospitali ya Ijara, mtoto wake angali tumboni.

Kijiji kilipata jibu upesi: majini. Aliyeyaita alijulikana pia, na akina mama wakawakataza watoto wao kucheza nami. Baada ya siku chache akaja afisa kutoka Nairobi kuchunguza ajali, viatu vinang'aa. Baba akamwambia kwa Kiswahili chake, "Bwana mkubwa, sisi nabeleka moto kwa sababu taa hakuna. Hiyo ndege nachelewa kwa nini?"

Mzee mmoja akadakia habari za majini. Afisa akacheka, akafunga daftari. "Kumbe ni mambo yenu ya huku." Hata chai hakungoja.

Nina hasira naye mpaka leo. Nina hasira na wazee wetu pia, waliomrahisishia kazi. Jini haulizwi kwa nini ndege ilichelewa, wala hadaiwi taa. Ayeyo alisema kweli kwa namna yake, moto uliwaita wasioalikwa, ila hao walikuwa na nundu. Nami, msichana wa miaka tisa, nikabebeshwa kifo cha habaryar.

Nilingoja Ayeyo aseme, "Si nilikukataza?" Hakusema. Baada ya arobaini aliniita jikoni, akajaza makaa kwenye kopo lilelile. Nje kulikuwa giza na majirani wameketi barazani kwao.

"Wapelekee," akasema. "Tembea polepole, wakuone."

Siku hizi mimi ni muuguzi, naishi mjini, mtaa wa Iftin. Mwezi uliopita nilirudi nyumbani kusalimia, nikapitia kiwanjani. Hakuna taa. Makopo yenye kutu yamepangwa huku na huku, yanangoja ndege nyingine, na wanawake wa kwetu bado wanashikwa na uchungu jioni.