Moto Ndani ya Lori la Chanjo

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Kayanga, Bwana Mifugo wa Wilaya alinionyesha lori lenye nyumba ya mbao mgongoni: vitanda viwili, na sanduku la barafu kubwa kuliko vitanda.

"Ofisi hiyo, nyumba hiyo. Kodi hulipi."

"Mzee, naomba kufuli la mlango na mablanketi mawili."

"Blanketi moja."

"Moja na nusu?"

"Hiyo nusu nyingine nimpe nani?"

Vijana, kalaleni Juni kwenye vilima vya kuelekea Murongo, ukungu umeshuka, ndipo mniambie habari za baridi. Jiko lilikuwa marufuku ndani. Chanjo ya sotoka, ugonjwa uliokuwa ukifagia zizi zima la ng'ombe, ilikuwa unga ndani ya vichupa, na ikipata joto inakufa. Basi tuligandishwa pamoja nayo. Kila asubuhi nilivihesabu vichupa mara mbili. Dereva wangu, Rwegasira, alisema nahesabu ili nipate joto.

Msimu mmoja sotoka ilifika kijiji kilichopakana na cha Mama Kemilembe, mjane mfugaji. Tukawahi kwake kabla ya ugonjwa. Asubuhi tulimwamkia tukitetemeka, tukaenda zizini kutengeneza njia ya kupitishia ng'ombe.

Kwao mgeni haachwi bila moto. Tuliporudi kuchukua chanjo, lori lilikuwa na joto tamu. Kigae cha chungu kilichojaa makaa kilikuwa sakafuni, na sanduku liko wazi.

"Mlikuwa mnatetemeka, wanangu," alisema Mama Kemilembe, amefurahi. "Nikaona hilo sanduku ndilo linalowatia baridi. Nimelifungua nalo liote moto."

Vichupa vilikuwa vinaelea kwenye maji ya barafu.

"Mwambie," Rwegasira alinong'ona. "Wewe ndiye mkubwa."

Nikamwambia kuwa joto limeiua chanjo. Barafu na chanjo nyingine vilikuwa Bukoba.

Tulipopita Kayanga ofisini, Bwana Mifugo aliuliza, "Mlango mlifunga?"

"Kwa kamba, mzee. Kufuli niliomba pamoja na blanketi la pili."

Akainamia karatasi zake.

Tuliporudi na chanjo, zizi lilikuwa kimya, ngozi zimeanikwa kwenye ua. Mama Kemilembe akatuletea makaa kama kawaida yao, ila alisimama mbali na lori.

"Hapa si karibu sana, wanangu?"

Nimestaafu, naishi Omurushaka. Juni ikifika mke wangu hunisogezea jiko. Nanyoosha mikono, na namwona Mama Kemilembe bado amesimama pale na kigae chake, anangoja nimjibu.