Barua ya Mwajiri Wangu

Leo nimejiandikia barua ya kusimamishwa kazi.

Mnajua nauza mitumba sokoni Daraja Mbili, na soko limefungwa sababu ya korona. Nikaenda kwa chifu kujiandikisha kwa msaada wa waliopoteza kazi. Karani akauliza, "Barua ya mwajiri iko wapi?"

"Mwajiri ni mimi."

"Basi hufai. Mwingine!"

Sikutoka kwa laini.

Nikaomba karatasi, nikaandika papo hapo: "Mimi, mwajiri, nathibitisha nimemsimamisha mfanyakazi wangu, ambaye pia ni mimi." Nikatia sahihi mara mbili.

Karani akaisoma, akakuna kichwa.

Msusi aliyekuwa nyuma yangu akasema, "Dada, niandikie na mimi." Kisha fundi wa viatu. Kisha mama wa ndizi.

Hatukuondoka mpaka majina yetu yote yakaandikwa.

Kama nawe umejiajiri, nenda kesho. Na ukiambiwa hufai, usitoke kwa laini!