Wakili wa Uso

Mukubwa wetu wa Kindu hakuenda popote. Nasema popote! Kukiwa na harusi, alituma wakili. Kukiwa na msiba, wakili alikaa matangani, akalia kwa niaba yake, akala na wali wa watu wawili. Wake zake wote aliwaoa hivyo hivyo: mtu mwingine alisema "nimekubali" mbele ya mashahidi, yeye yuko nyumbani amejinyoosha kitandani. Wala hatukuona ajabu. Akisema wakili, amesema mwenyewe, na mtu wa Kindu wa siku zile, kabla reli haijafika, hakuhitaji kufundishwa hilo.

Kwa hiyo yule Mzungu mchoraji alipoteremka mtoni na masanduku yake ya rangi, akasema anataka kumchora mkubwa wa mji, mambo yalikuwa rahisi. Mkalimani wake, mtu wa pwani aliyejua Kifaransa cha kununulia chumvi, alitueleza kwamba huko kwao Mzungu huyu huchora mabibi wa matajiri. Wanakaa mbele yake kutwa nzima na lulu zao shingoni, kisha magazeti yanaandika bibi fulani ametoka vizuri, bibi fulani ametoka mnene. Mukubwa akashtuka.

"Nikae nitazamwe na mwanamume mzima tangu asubuhi? Astaghfirullah! Mimi ni mwali?" Akafikiri kidogo, akasema, "Tumeni wakili."

Wakili akawa mume wangu. Yeye alikuwa fundi wa kushona makanzu na majoho, na joho kubwa la Mukubwa, lile la nyuzi za dhahabu, alilishona yeye. Lakini Mukubwa alikataa hata kusimama apimwe, basi mume wangu alijipima mwenyewe. Joho likamkaa fundi sawasawa, na Mukubwa, ambaye alikuwa mfupi, alilikokota vumbini uani kwake kila Idi. "Linakukaa wewe," Mukubwa akamwambia. "Basi nenda nalo."

Mtu asiniambie tulimdanganya Mzungu. Aliuliza, "Huyu njo mukubwa?" na mkalimani akajibu, "Njo yeye," yaani ndiye, kwa roho safi kabisa. Angeulizwa imamu angejibu vile vile.

Siku za kuchorwa zilinitesa mimi. Mume wangu alirudi jioni shingo imekakamaa, kidevu juu, hamtazami mtu. Akakaa kwenye mkeka akangoja anawishwe mikono! Nikamwambia, "We baba, joho umeliacha kule, na ukubwa uuache huko huko. Maji yako mtungini." Alinuna mpaka harufu ya sombe, kisamvu changu, ilipompata.

Mchoraji naye alikuwa na taabu zake. Kila siku aliandika barua, na mkalimani, ambaye mdomo wake haukuwa na kufuli, alitusimulia zote. Kulikuwa na bibi mmoja tajiri aliyeachwa amechorwa nusu, mikono haina vidole, na kila barua iliyopanda mtoni ilitoka kwake: anataka vidole vyake. Mchoraji anajibu vidole vitakuja. Bibi anajibu kwamba wageni wake wanacheka. Mwishoni Mzungu akaikunja picha ya mume wangu, akaaga, akaenda zake kumaliza vidole.

Tukasahau. Kisha mtumbwi mmoja ukaleta fungu la barua na magazeti kwa Mukubwa, na ndani ya gazeti, kwa wino mweusi, mume wangu! Mume wangu hasa, na joho lake na kilemba! Mji mzima ulijaa barazani kwa Mukubwa. Mkalimani alikuwa amebaki Kindu kwa ajili ya mwanamke, na yeye ndiye aliyesoma. Gazeti lilisema huyu ndiye tisho la Maniema, nchi yetu yote. Lilisema kidevu chake ni cha mtu aliyeamrisha wengine tangu utotoni.

Nilicheka mpaka nikashika nguzo. Nyumbani kwangu mtu huyu hajaamrisha hata kuku.

Gazeti jingine lilisema mabibi wanasongamana mbele ya picha, na wawili wameandika barua. Mmoja aliuliza macho ya mkubwa yanaona huzuni gani ya zamani. Huzuni gani! Alipokaa akichorwa alikuwa akiona jiko langu kupitia dirishani, na mimi nilikuwa nimeapa kwamba atakayechelewa atakuta sufuria imekaushwa.

Mukubwa akavimba. Barua ni zake, jina ni lake, lakini macho yanayosifiwa si yake. Akawa anamwita mume wangu kila asubuhi, anamtazama uso huku na huku. "Wana nini hao wanawake?" anasema. "Pua kama hii nami ninayo." Kisha akamwandikisha mwalimu wa chuoni majibu, kwa herufi za Kiarabu: tumepokea salamu za macho, macho hayajambo, huzuni hakuna.

Wakati ule tulicheka tu. Halafu vita vikaja, na vilipokwisha, Serikali ya Wazungu ikaushika mto. Mukubwa wetu hakuwa malaika, pembe zake za ndovu hazikuja nyumbani kwa miguu yao. Wakubwa wa namna yake walikuwa wanakamatwa mji kwa mji na kupelekwa chini ya mto, na wengi hawakuonekana tena. Kindu alikuja afisa mmoja kijana na askari wake, na mfukoni alikuwa na lile gazeti.

Mume wangu alikuwa barazani anadarizi kofia. Afisa akatazama gazeti, akamtazama yeye, akauliza kwa mkalimani, "Wewe njo mukubwa?"

Na yule bwege, Mungu amrehemu, akaweka sindano chini na kujibu, "Njo mimi." Uwakili haukuwa umeondolewa! Hakuna aliyemwambia umekwisha!

Nilipiga kelele nikiwa mlangoni. "Mwongo! Huyu fundi! Huyu mume wangu!" Askari wakacheka, maana kila mke alikuwa anasema hivyo. Wakamfunga kamba mbele ya macho yangu, na mtumbwi ulikuwa tayari ukingoni. Nikakimbia kwa Mukubwa bila mtandio.

Alikuwa amekaa kwenye zulia lake. Nikamweleza. Akatikisa kichwa kwa huzuni ya kweli, akasema, "Pole, mama. Ngoja nitume wakili."

"Wakili gani?" nikamwambia. "Wakili yako njo huyo iko na kamba!"

Sikuwahi kumpigia mtu mkubwa kelele namna ile. Mukubwa akatazama mlango. Kama angenyamaza tu, angebaki salama, na alilijua hilo kama nilivyolijua mimi. Kisha akasema, "Nipeni viatu vyangu." Ilibidi vitafutwe.

Alipita sokoni kwa miguu yake, joho linafagia vumbi. Wanawake waliacha mawese yao wakasimama midomo wazi, kwa maana wengine walikuwa hawajamwona nje ya nyumba yake tangu wazaliwe. Alifika kwa afisa akasema, "Mimi njo yeye."

Afisa akatazama gazeti, akamtazama mzee mfupi, akacheka. Mkalimani akasema, "Anasema rudi nyumbani, baba. Picha haisemi uongo."

Mukubwa akavua kilemba. Akakaa chini mchangani, mbele ya miguu ya yule kijana, na kuinua uso wake. "Mwambie anitazame," akasema. "Anitazame kutwa kama anataka."

Mume wangu alipomwona bwana wake chini mchangani, alisahau kamba. Aliinuka nazo, akaanguka, akainuka tena, akapiga magoti mbele yake. "Bwana, usikae chini! Bwana, utachafuka!" Na soko lote nyuma yangu likapiga magoti, mimi pamoja nao, ingawa bado nilikuwa na hasira. Afisa akatutazama, akaona ni nani tunayemwinamia, akalikunja gazeti lake.

Wakamfungua wangu. Pale ukingoni alimshika Mukubwa mkono, akasema kwa machozi, "Bwana, niache niende mimi. Kamba zimeshanizoea."

"Hapana, fundi," Mukubwa akajibu. "Punguza tu hilo joho nikirudi." Akalivua, akampa, akapanda mtumbwini na kanzu tupu.

Mume wangu alilipunguza wiki ile ile, bila kumpima mtu, kwa kukumbuka tu. Nilimwambia anapoteza uzi. Mvua zikaja, zikaenda, zikaja tena, na joho lilikuwa limetundikwa ukutani kwetu kando ya lile gazeti la Mukubwa.

Kisha alasiri moja nilikuwa napepeta mchele, mtu akapiga hodi. Ilikuwa sauti nyembamba, ya mzee. Sikuitambua, kwa maana hodi ya nyumba ya Mukubwa ililetwa kwetu siku zote na mtu mwingine.

"Nani huyo?" nikauliza.

"Ni mimi, mama," ikajibu. "Nimekuja mwenyewe."