Kinu cha Mama Kavuo

Mu Bungulu, kule Beni, batu bote balijua sombe ya Mama Kavuo. Asubuhi alitwanga majani ya muhogo, mangaribi yote ilikuwa imekwisha kuuzishwa. Kinu njo kilimulisha tangu bwana yake alikufa.

Mu mwaka wa 2002, batu bakakimbia vita upande wa Mambasa. Dada ya Kavuo akafia njiani. Mutoto wa dada, Bénie, miaka nane, akaletwa na bakimbizi bengine. Siku ya kwanza Kavuo akatwanga: tu! tu! Mutoto akaingia chini ya kitanda, akajikojolea. Kwake yeye, ile ilikuwa masasi ya bunduki.

Majirani balikuwa na roho nzuri. Bakaficha vinu byao, bakakataza batoto kupiga mabati. Kavuo mwenyewe akaacha kutwanga, bakakula muhogo na chumvi tu. Lakini Bénie akazidi kuogopa: hata mulango ukifungwa, alitetemeka.

Mimi mutembezi, nililala kwa Kavuo kila nikipita kwenda Butembo. Akaniambia: "Muzee, tunakosea. Tukimunyamazishia dunia yote, ataogopa hata kimya."

Akapeleka kinu kwa Mariette, jirani wa nyumba ya ine kutoka kwake. "Twanga pale, mapigo makumi tatu, kisha uache." Yeye akakaa kwake na mutoto ku magoti, banahesabu pamoja. Ikiisha, Mariette analeta majani mu sahani.

"Kumbe mimi njo askari wako?" Mariette akamuuliza mutoto. "Basi ona bale nimeua: majani!"

Siku ya tano Bénie akacheka. Bakasogeza kinu nyumba ya tatu, kisha ya pili. Siku ingine alilia, bakarudi nyuma. Miezi mbili ikapita, kinu kikarudi mu kiwanja chao. Bénie akakamata muti wa kutwangia, mikono ya Kavuo juu ya yake.

Juma ile ile, Kavuo akaenda kukata majani shambani, njia ya Oicha. Hakurudi. Bakamuleta kesho yake ku kipoyo, machela ya miti, amefunikwa kitenge chake.

Ku kilio nilifika na mimi; bageni balikuwa bengi, njaa nayo. Hakuna mama aliyegusa kinu.

"Tumuhurumie mutoto," Mariette akanong'ona.

Bénie akatoka ndani. Akatia majani mu kinu, akakamata muti peke yake. Tu. Akangoja. Tu. Machozi ikaanguka mu majani, hakupanguza.

"Nani anahesabu?" akauliza.

Mariette akaanza. Ku tatu akaficha uso mu kitenge. Tukaendelea siye bengine, mupaka makumi tatu.