Kabati la Mteja Mkali

Kaka yangu ni seremala, na mtaa mzima unamwita Milimita. Jina hilo hakupewa kwa kupendwa. Ukimwagiza rafu ya viatu, atapima ukuta wako juu, katikati na chini, kwa sababu anaamini hakuna ukuta ulionyooka duniani. Kisha atakuuliza kiatu chako kirefu kuliko vyote kina urefu gani, na ukibabaika atakufuata mpaka chumbani akione kwa macho yake. Karakana yake imepangika kuliko duka la dawa. Kila patasi ina shubaka lake, misumari imelala kwenye vidroo kwa ukubwa wake, na ole wako urudishe bisibisi mahali pasipo pake. Nayajua haya kwa sababu chumba changu cha kushonea kimepakana na karakana hiyo, na namsikia akifoka kutwa nzima.

Sasa ingia nyumbani kwake. Vyombo vya wifi yangu vinakaa kwenye maboksi chini ya kitanda. Sufuria zimepandana juu ya ndoo iliyopinduliwa. Ukitaka chujio unapiga magoti, unavuta boksi, unatoa sahani kumi na mbili, halafu unakuta chujio halimo. Wifi ameishi hivyo miaka kumi na tisa. Kila akiomba kabati, kaka humjibu, "Lako nitalitengeneza kwa nafasi, mke wangu. Sitaki kukulipulia." Na kweli hakumlipulia, maana hakumtengenezea chochote. Watu husema mganga hajigangi. Mimi nasema huyu dawa alikuwa nazo tele, ila mgonjwa wa nyumbani hakuwa na nafasi kwenye foleni.

Siku moja wifi alikuja kwangu amenuna. Kaka alikuwa ameburuta boksi akitafuta soksi zake, akavunja bakuli ambalo wifi alipewa na mama yake.

"Nimechoka," alisema. "Kesho naenda kununua rafu ya plastiki. Na nitaiweka sebuleni, wageni wake waione vizuri."

Rafu ya plastiki nyumbani kwa Milimita! Kaka angelazwa. Lakini nilipomtazama usoni niliona kwamba hata yeye haitaki plastiki hiyo. Alitaka kazi ya mikono ya mumewe, ile ile wanayoipata watu baki kila siku. Hilo ndilo lililokuwa likimuuma, na mimi pia liliniuma.

"Wifi," nikamwambia, "kuwa mteja."

Kikwazo kilikuwa kimoja. Milimita hashiki msumeno kabla hajauona ukuta. Basi tukala njama. Kaka akiwa kazini, nilichukua karatasi za kaki ninazokatia mitindo ya nguo, nikaziunganisha kwa gundi, tukazibandika jikoni kwa wifi kuanzia sakafuni hadi juu. Nikaukata ukuta ule kama ninavyokata gauni. Bomba la maji lililopita pembeni nililikatia kwapa. Sakafu iliyoinamia kushoto niliifuata kama pindo.

Nikakunja karatasi, nikampelekea kaka pamoja na kianzio alichonipa wifi.

"Nina mteja wangu anataka kabati la jikoni," nikasema. "Ni mama mkali. Hataki fundi aingie kwake mpaka kazi iwe imekwisha."

"Kwa nini?"

"Mafundi wamemwahidi sana."

"Basi ana haki," alisema kaka kwa huruma kabisa. Nikajifanya nakohoa.

Alitandaza karatasi juu ya benchi, akaangua kicheko. "Mdogo wangu, hebu ona sakafu hii! Aliyeimwaga alikuwa amelewa huyu."

Sakafu ile aliimwaga yeye mwenyewe, mwaka aliooa. Nyani haoni kundule. Nikaufyata ulimi, nikakimbilia kwenye cherehani yangu nicheke huko.

Kwa wiki tatu kaka alilihangaikia kabati lile. Alichagua mbao zisizo na vifundo. Alinituma kwa mteja na maswali: ana kimo gani, sufuria yake kubwa ina upana gani, anatumia mkono upi? Nikawa naenda kwa wifi na kurudi na majibu.

"Anatumia mkono wa kushoto," nikamwambia.

"Kama mke wangu," akasema, akaacha kupiga randa. Nilijua tumekwisha. Wapi! Alikuwa anafikiria droo. "Basi droo ya vijiko iende kushoto."

Siku nyingine akauliza vyombo vya mama huyo vinakaa wapi kwa sasa.

"Kwenye maboksi. Chini ya kitanda."

"Ana mume?"

"Anaye."

"Mwanamume wa namna gani huyo?" akafoka, wateja wawili wakageuka. "Mimi ningeona aibu kula kwenye hizo sahani!"

Nilipomfikishia wifi maneno hayo alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akapanguza macho.

Siku ya kupeleka, kabati lilipakiwa kwenye mkokoteni, mimi nikatangulia kuonyesha njia. Tulipokata kona kaka akafurahi, "Kumbe ni jirani yetu!" Nikasimama mbele ya mlango wake.

"Mbona unasimama?"

"Tumefika."

Wifi alitokea mlangoni amevaa gauni lake zuri. "Karibu, fundi. Ukuta ni ule pale."

Muungwana akivuliwa nguo huchutama, na kaka alichutama kweli, pale kando ya bomba, akaipapasa sakafu kwa kiganja. Wabebaji wakaingiza kabati. Likakaa ukutani, hata ukucha usingepita.

Nilitarajia atagomba. Badala yake alisimama, machozi yakimlengalenga, akachomoa bisibisi mfukoni.

"Sikujua ni lako," akamwambia mkewe. "Ningejua ningetafuta mbao bora zaidi. Ngoja nilirudishe karakana, nikutengenezee linalokustahili."

Alikuwa anasema kweli, na hapo ndipo nilipoogopa. Tayari alikuwa ameshalegeza skrubu ya mlango wa kwanza. Wifi akaegemeza mgongo kwenye kabati, akatandaza mikono yote miwili.

"Baba watoto, nakuheshimu," alisema. "Lakini leo mimi ni mteja, na mzigo wangu nimeupokea. Mkeo amesubiri miaka kumi na tisa. Mteja amesubiri wiki tatu. Niache niwe mteja."

Kaka akanigeukia nimtetee. Nikatazama bomba. Basi akaikaza ile skrubu, akarudisha bisibisi mfukoni, akasimama wima na kuuliza kwa sauti ya upole anayowawekea watu baki:

"Mama, umeridhika na kazi?"

"Usiniharakishe, fundi," akajibu wifi, huku analia na kucheka kwa pamoja. "Bado nakagua."

Akaanza na droo ya kushoto.