Barafu ya Shemeji

Kila Jumatatu, katika maabara ya kiwanda, nilisawazisha sonde, vile vijiti vyembamba vinavyokiambia kidhibiti kiwango cha joto la maji ya beseni la vipimo. Sonde ikidanganya, kidhibiti nacho kinadanganyika, na kila kipimo kinaharibika. Kwa hiyo unaitumbukiza kwenye barafu iliyopondwa na maji safi. Isiposoma sifuri, unazungusha skrubu mpaka isome. Halafu unaipeleka kwenye maji yanayochemka, ukikumbuka kwamba mji wetu wa Likasi uko juu sana kutoka usawa wa bahari na maji yetu huchemka kabla ya mia.

Sampuli za mawe zilikuwa zimeacha kuja zamani. Mishahara pia. Lakini mimi ni mbishi: nilivaa koti langu jeupe nikaenda kusawazisha sonde zisizo na cha kupima. Wenzangu walikuwa kwenye machimbo ya Kamatanda wakichimba mawe kwa mikono, na wakinikuta njiani walinicheka.

Friza ya maabara ilikuwa imekufa, kwa hiyo barafu ilitoka mtaa wa Kikula, kwa shemeji yangu, mjane wa kaka yangu. Aliuza samaki wa kugandishwa, na watoto wake walikula kwa sababu ya friza ile. Kila wiki alinigandishia kopo moja la maji safi, bila kuniomba chochote.

Jumatatu moja nilikuta Kikula haina umeme. Kopo langu lilikuwa limeyeyuka, na barafu iliyobaki ni ile iliyofunika samaki. Ningeweza kuaga nikaondoka. Badala yake nikasimama palepale mlangoni na thermos yangu mkononi, nikijua fika kwamba hana moyo wa kunirudisha mtupu.

"Kamata, shemeki," akasema, akinijazia thermos barafu ya samaki. "Weye uko na kazi ya maana. Courant itarudia tu."

"Na samaki?"

"Samaki iko baridi bado. Enda, utachelewa."

Nikaenda, aibu yangu!

Kiwandani umeme ulikuwepo. Niliponda barafu, nikatumbukiza sonde ya kwanza. Ikashuka chini ya sifuri na kukaa huko. Nikajaribu ya pili, ikafanya vilevile. Nikatia kipande mdomoni: chumvi. Shemeji alikuwa ameinyunyizia ili baridi iwashike samaki vizuri zaidi, na barafu yenye chumvi haisimami kwenye sifuri. Kwa kazi yangu haikufaa kitu. Niliimwaga kwenye sinki nikaitazama ikiisha, nikajichukia.

Jioni nilipitia kwake. Harufu ilinipokea uani. Umeme haukuwa umerudi, naye alikuwa amechuchumaa akichagua samaki, wengi akiwatupa kwenye ndoo. Watoto walikaa wameegemea ukuta. Aliinua uso akatabasamu, na tabasamu lile liliniumiza kuliko matusi.

"Shemeki, kazi ilitoka muzuri?"

Ningeitaja chumvi, angejilaumu yeye.

"Ilitoka," nikasema.

"Aksanti Mungu. Basi haikupotea bure."

Nikachukua ndoo nikaenda kuimwaga, maana sikuweza kuendelea kumtazama.

Jumatatu iliyofuata nilikwenda kumsalimu tu. Thermos niliiacha nyumbani makusudi, na koti pia. Umeme ulikuwa umerudi. Kabla sijakaa, akainuka akafungua friza.

"Yako ni hii," akasema.

Ndani hamkuwa na samaki hata mmoja. Kulikuwa na kopo langu tu, limeganda mpaka juu.