Mkalimani wa Bibi Razija

Huu mwaka wa sita Bamurange anatafutia watu midomo. Ndiyo kazi yake katika hospitali moja karibu na Iroquois, kusini mwa Louisville: akija mgonjwa asiyejua Kiingereza, yeye hutafuta mkalimani. Anaifanya kwa ukaidi wa mtu aliyezaliwa milima ya Minembwe, mashariki mwa Kongo, ambako lugha ya mama yako iliweza kukuponza njiani. Alipofika Amerika, karani aliandika kwenye fomu kuwa anasema Kinyarwanda. Aliirudisha fomu ile mara tatu, mpaka ikaandikwa Kinyamulenge, lugha ya kwao inayokaribiana nacho.

Jumatatu aliletewa jina la Bibi Razija, Mbosnia wa miaka sabini na minane. Alhamisi angepasuliwa, abadilishiwe vali ya moyo. Kiingereza chake ni cha kiwandani. Kinatosha kuomba glavu, hakitoshi kukubali kufunguliwa kifua. Bila mkalimani hakuna sahihi, na bila sahihi zamu nyingine ni baada ya wiki sita. Daktari hakuwa na hakika kama moyo ule una wiki sita.

Mkalimani alikuwepo. Alikuwa mji wa Columbus, ana cheti, anafanya kazi kwa video na siku zote tatu yuko huru. Jina lake Dragoslav, Mserbia, wa taifa lililopigana na Wabosnia ingawa lugha yao karibu ni moja. Bamurange alilisoma jina hilo, akafunga ukurasa. Hakuhitaji kuelezwa habari za vita vya watu wanaoelewana kila neno.

Akaanza kusaka mkalimani Mbosnia. Wa Louisville alikuwa likizo. Wa Buffalo, mama mmoja wa mtaa wa Black Rock, alikuwa na nafasi wiki ijayo. Wa tatu hakupokea simu. Dragoslav aliandika mara mbili kwamba bado yuko huru, na Bamurange alimshukuru mara mbili.

Jumatano mchana Birindwa, Mkongo mwenzake, Mshi wa Bukavu anayesukuma vitanda vya wagonjwa, alimkuta ameshika kichwa. Akaelezwa yote.

"Bon, Mama Gisubizo," akasema, akimwita kwa jina la mwanawe, "ule mama mwenyewe ulimuuliza?"

Hakumuuliza. Miaka sita anatafutia watu midomo, na safari hii alikuwa amemjibia mgonjwa kwa mdomo wake mwenyewe. Aliona aibu. Akapanda ghorofani, akamweleza Bibi Razija kwa maneno machache ya Kiingereza kile cha kiwandani: mkalimani yupo, ila ni Mserbia. Bibi akasema wamlete.

Saa tisa Dragoslav akatokea kwenye skrini, mzee mwenye miwani na tai. Mkalimani wa hospitali hasemi "mgonjwa anasema hivi". Husema "mimi", kana kwamba mgonjwa ndiye yeye. Ndiyo sheria ya kazi. Daktari alieleza hatari zote, akauliza kama kuna swali. Bibi Razija akaongea taratibu, macho kwenye skrini. Dragoslav akavua miwani, akatafsiri kwa sauti ileile ya mtu anayesoma ratiba ya basi.

"Mume wangu na kaka zangu wawili walichukuliwa na watu wa kwao huyu mkalimani. Sijasamehe. Lakini anatamka vizuri, na moyo ni wangu. Nipeni kalamu."

Kalamu aliitoa Bamurange.